Ghafla, Ajali na Kumbe: Historia ya Maneno ya Kutotarajia katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maneno ambayo Kiswahili huyatumia kutaja jambo linalomfikia mtu bila yeye kulitarajia. Maneno yanayoangaliwa kwa undani ni ghafla, ajali, mara, kumbe, hamadi na kitenzi shtukiza. Hoja kuu ni kwamba mawili kati yake, ghafla na ajali, hayakuanza kama majina ya matukio. La kwanza lilitaja hali ya moyo wa binadamu aliyezembea, na la pili lilitaja muda uliowekwa na kujulikana. Katika kuhamia kwenye Kiswahili na kukua ndani yake, yote mawili yalisogea kutoka kwa mtu hadi kwenye tukio, na katika safari hiyo swali la nani anawajibika likafifia. Makala yanaonyesha kwamba swali hilo halijafutika: lingali hai katika vitenzi, katika methali na katika matumizi ya leo ya shtukiza.

1.0 Utangulizi

Kila lugha ina namna yake ya kutaja jambo linalokuja bila taarifa. Kiingereza, kwa mfano, hutegemea maneno yaliyopitia Kifaransa kutoka Kilatini, na ndani yake mna picha za mwendo. Neno sudden linatokana na kitenzi cha Kilatini subire, yaani kwenda chini kwa chini, kunyemelea. Neno surprise linatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kumshika mtu kwa kumjia juu. Lilipoingia katika Kiingereza lilihusu zaidi mashambulizi ya kivita kuliko hisia ya mshangao. Neno accident linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuangukia. Katika picha hizo zote, chenye mwendo ni tukio. Tukio linanyemelea, linakamata, linaanguka. Binadamu amesimama tu akipokea.

Kiswahili nacho kina picha za aina hiyo. Mtu huzuka, jambo huibuka, msiba huangukia nyumba, adui huvamia. Hata hivyo, maneno mawili yanayotumika zaidi kuliko yote katika uwanja huu, yaani kielezi ghafla na nomino ajali, hayakutoka katika picha za mwendo. Yalitoka katika Kiarabu, na huko kila moja lilikuwa na kazi nyingine kabisa. Kujua kazi hiyo ya awali si udadisi wa asili ya maneno tu. Maneno haya ndiyo yanayotumika katika taarifa za habari, mahakamani, hospitalini na katika matangazo ya vifo. Namna yanavyosema, na namna yanavyonyamaza, inahusu uhai wa watu.

2.0 Ghafla: kutoka moyoni hadi kwenye tukio

Mzizi wa Kiarabu gh-f-l unahusu kutozingatia. Ghafla ni hali ya mtu ambaye jambo liko mbele yake, lakini moyo wake haupo. Mwenye hali hiyo huitwa ghafil. Katika Kurani neno hili ni zito. Mwanzoni mwa Sura ya 21, al-Anbiyaa, linatumika kwa watu ambao hesabu yao imekwisha kuwakaribia nao wamejisahau. Katika Sura ya 28, al-Qasas, aya ya 15, linatumika kueleza wakati ambapo Musa aliingia mjini huku wenyeji hawana habari. Matumizi haya mawili yanafaa kuwekwa bega kwa bega. La kwanza ni lawama ya kiroho. La pili linakaribia kuwa kielezi cha wakati tu: watu hawakuwa wakiangalia, na mgeni akaingia.

Kiarabu chenyewe, kwa hiyo, kilikuwa na mlango wazi wa kupita kutoka maana ya uzembe kwenda maana ya jambo lisilotarajiwa. Kirai ala ghafla, yaani katika hali ya kutozingatia, kinatumika hivyo hadi leo. Hata hivyo, Kiarabu kina maneno mengine kwa ajili ya ughafla mtupu, usiohusu kosa la mtu. Maneno hayo ni baghta na faj'a. Kurani inapotaja Saa ya Kiyama itakayowajia watu bila kutazamiwa, neno linalotumika ni baghta. Kuna basi mgawanyo wa kazi: baghta hueleza namna tukio linavyokuja, na ghafla hueleza hali ya anayejiwa.

Waswahili hawakuuhifadhi mgawanyo huo. Kati ya maneno hayo, lililokuja kuwa kielezi cha kila siku ni ghafla, lile lililohusu hali ya moyo. Mvua ilinyesha ghafla, bei zimepanda ghafla, alisimama ghafla. Katika sentensi hizi hakuna aliyezembea. Mvua haina wa kulaumiwa, na aliyesimama alijua anasimama. Maana imetoka moyoni mwa mtazamaji na kuhamia kwenye tukio lenyewe. Kinachobaki ni kasi na kutotazamiwa.

Uthibitisho wa jinsi uhamaji huo ulivyofika mbali unaonekana katika kazi ya kutafsiri. Mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili anapokutana na baghta, neno la Kiswahili liko tayari mkononi: kwa ghafla. Anapokutana na ghafla yenyewe, neno lilelile halimfai vizuri. Akiandika kwamba watu wamo katika ghafla, msomaji wa leo atasita, kwa kuwa kwake ghafla si hali ya kukaa ndani yake. Njia inayomfaa zaidi ni mghafala, au kitenzi ghafilika. Neno limesafiri mbali kiasi kwamba halitoshei tena kwa urahisi katika nyumba lililotoka.

Lakini halikusafiri peke yake. Pamoja nalo zilikuja, au zilichipuka, jamaa zake: ghafilika, ghafilisha, mghafala. Hawa waliibakiza maana ya kale. Anayeghafilika amepitiwa, alipaswa kuwa macho, hakuwa. Mlinzi hughafilika, mama hughafilika mtoto akaelekea kisimani, msomaji hughafilika akaruka mstari. Kwa hiyo Kiswahili kina mzizi mmoja wenye sura mbili. Kitenzi kinambeba mtu na wajibu wake. Kielezi kinalibeba tukio bila mtu.

3.0 Umbo la neno: ghafula na ghafla

Historia ya maana inakwenda sambamba na historia ya umbo. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na mfuatano wa f na l haukuwa wa kawaida katika maneno ya Kibantu. Wasemaji walichopeka irabu u baada ya f, wakapata ghafula. Huo ndio mtindo ulioyapa maneno mengine ya Kiarabu umbo lake: qufl ikawa kufuli, sifr ikawa sifuri, lafdh ikawa lafudhi. Sauti f hutamkwa kwa mdomo, na irabu u huviringa midomo. Moja huita nyingine.

Umbo ghafula lilipata heshima kubwa katika maandishi kupitia Biblia ya Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952. Humo ndimo wasomaji wengi wa bara walipolizoea. Baadaye umbo lenye konsonanti mbili zinazofuatana, ghafla, lilipata nguvu shuleni, magazetini na redioni, na leo ndilo linaloonekana la kawaida, huku ghafula likisikika la kizamani au la kanisani. Mabadiliko haya hayakuwa ya ghafla pekee. Maneno kama nafsi yanadumu na konsonanti zake mbili bila kumsumbua msemaji. Kiswahili cha leo kinaustahimili mfuatano ambao Kiswahili cha jana kiliuvunja.

Msemo wa mitaani umekwenda hatua nyingine. Anayesimulia kwa madoido husema ghafla bin vuu, akimaanisha kwamba jambo lilitokea bila hata nafasi ya kupepesa jicho. Msemo huu ni mzaha wa nasaba: Ghafla amefanywa mtu mwenye jina la baba, na baba yake ni Vuu, kiigizi cha kitu kinachopita kwa kasi kama upepo. Mzaha unafundisha. Aliyeutunga hakumwona tena mzee Uzembe katika ukoo wa neno hili. Alisikia upepo. Ghafla imepewa baba mpya, naye ni sauti ya tukio.

4.0 Ghafla na mara

Kisawe kinachotajwa kwanza pamoja na ghafla ni mara. Nalo ni la Kiarabu, marra, kutoka mzizi wenye maana ya kupita. Msingi wake ni kuhesabu: mara moja, mara mbili, mara nyingi, na katika hesabu za shuleni mbili mara tatu. Kutoka hapo limepata maana ya wakati huohuo, kama katika njoo mara moja, na katika usimulizi limekuwa kiungo cha tukio linalofuata bila kuchelewa: mara simba akatokea.

Katika sentensi hiyo ya mwisho, ghafla ingefaa pia: ghafla simba akatokea. Hapo ndipo wengi huyahesabu kuwa visawe kamili. Hata hivyo si sawa. Mara huangalia mfuatano wa hadithi. Husema kwamba kati ya tukio la kwanza na la pili hapakuwa na nafasi. Ghafla huangalia utayari wa aliyekutwa. Tofauti hii inajitokeza wazi katika ahadi. Mtu anaweza kusema nitakuja mara moja, nayo ikawa ahadi njema. Akisema nitakuja ghafla, si ahadi tena bali ni onyo, au hata tishio. Anachoahidi ni kumkuta mwenzake hajajiandaa. Kwa maneno mengine, ile ghafla ya kale, hali ya kutokuwa macho, haijafa ndani ya kielezi. Imelala, na muktadha unaofaa huiamsha.

Wafasiri wa Biblia waliihisi tofauti hii. Injili ya Marko kwa Kigiriki hutumia neno euthys takriban mara 40, na neno hilo huusukuma usimulizi mbele kwa haraka. Katika Union Version, neno linalolibeba sehemu nyingi ni mara. Lakini katika sura ya 13 ya Injili hiyohiyo, pale bwana wa nyumba anapoweza kurudi na kuwakuta watumishi wamelala, Kigiriki kinabadili neno, na Kiswahili nacho kinabadili: ghafula. Vivyo hivyo katika Luka 21:34, siku inayowajia waliolemewa na anasa. Katika aya hizo mbili neno limewekwa palipo na usingizi na ulevi, mahali ambapo msemaji wa Kiarabu angeona ghafla ya moyo. Wafasiri hawa hawakuwa wakifuata elimu ya asili ya maneno. Walifuata sikio la Kiswahili, na sikio hilo lilikuwa bado linakumbuka.

5.0 Ajali: tarehe iliyojulikana

Kama ghafla ni neno la moyo lililogeuka kuwa la tukio, ajali ni neno la kalenda lililogeuka kuwa la msiba. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa. Aya ya 282 ya Sura ya 2, al-Baqara, inayoagiza kuandikwa kwa deni, hulitumia kwa siku ya malipo iliyotajwa katika mkataba. Ajal basi ni kinyume cha jambo lisilotarajiwa: ni jambo lililoandikwa, likasainiwa na kushuhudiwa. Aya ya 34 ya Sura ya 7, al-A'raf, inalitumia kwa umma mzima: kila umma una muda wake, nao haucheleweshwi wala hautangulizwi. Kutoka hapo ajal ya mtu ni siku yake ya kufa.

Waswahili walilipokea kwa maana hiyo. Msemaji wa pwani husema ajali yake imefika, akimaanisha siku zake zimetimia, hata kama marehemu alifia kitandani akiwa mzee. Lakini matumizi mengine yalikua pembeni na hatimaye yakaufunika msingi. Kifo kinachomjia mtu barabarani, baharini au juu ya mnazi ndicho kinachowalazimisha waliobaki kujikumbusha kwamba siku ilikuwa imeandikwa. Faraja hiyo ilipotamkwa tena na tena mahali pa msiba, jina la faraja likawa jina la msiba. Leo ajali ni mgongano wa magari, kupinduka kwa chombo, kuanguka kwa jengo. Inaweza hata kuwa ndogo: mtoto amepata ajali, amekwaruzika goti. Hakuna anayefikiria deni wala siku ya mwisho.

Hapa pana mwelekeo unaopingana na ule wa ghafla, lakini mwisho wao ni mmoja. Ghafla ilikuwa na lawama, ikaipoteza. Ajali haikuwa na lawama kwa sababu ilikuwa mikononi mwa Mungu. Iliposhuka duniani na kuwa jina la mgongano wa magari, ilishuka na kinga yake. Methali imeipa kinga hiyo sauti: ajali haina kinga. Katika maana ya kale, methali hiyo ni kauli isiyopingika. Hakuna awezaye kuiahirisha siku yake. Katika maana mpya, methali hiyohiyo inakuwa dai jingine kabisa, kwamba mgongano wa magari hauzuiliki. Dai la kwanza ni la imani. La pili ni la uhandisi, nalo si kweli.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu takriban milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Vifo hivyo vina visababishi vinavyojulikana: mwendo kasi, ulevi, breki mbovu, kutofunga mikanda, barabara zisizo na njia za waendao kwa miguu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitangaza kukomesha matumizi yasiyofaa ya neno accident kwa majeraha yanayoweza kuzuilika. Kiingereza, chenye neno linalosema tukio limeanguka, kililiona tatizo. Kiswahili, chenye neno linalosema tukio liliandikwa, kina sababu kubwa zaidi ya kuliona.

Mfano wa Ziwa Victoria unatosha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo yenyewe, kabla ya uchunguzi wowote, inaonyesha kwamba idadi ya waliopoteza maisha ilikuwa zaidi ya maradufu ya idadi iliyoruhusiwa kupanda. Jina lililoshika vinywani na magazetini ni ajali ya MV Nyerere. Hakuna ubaya katika kuwafariji wafiwa kwa kusema siku zao zilifika. Tatizo linaanza pale neno la faraja linapotumika pia kuwa neno la maelezo. Siku ya kufa yaweza kuwa imeandikwa mbinguni. Idadi ya abiria huandikwa gatini.

6.0 Kumbe na hamadi

Maneno yaliyotajwa hadi sasa ni nomino na vielezi. Kiswahili kina pia maneno ambayo msemaji huyatoa papo hapo, yakiwa ushahidi wa akili iliyoshtuka. La kwanza ni kumbe. Wanaisimu wa tipolojia, hasa tangu makala ya Scott DeLancey ya mwaka 1997, wamezungumzia umirativu, yaani namna sarufi inavyoashiria kwamba taarifa ni mpya kwa akili ya msemaji. Kumbe ni mfano safi wa dhana hiyo. Anayesema kumbe ulikuwapo hasemi kwamba kuwapo kwa mwenzake kumeanza sasa. Anakiri kwamba kulikuwapo, na kwamba ni yeye aliyechelewa kujua. Jambo halikubadilika, kilichobadilika ni ujuzi wake.

Kwa hiyo kumbe inafanya, bila Kiarabu chochote, kazi ile ambayo ghafla ilikuwa ikiifanya awali: inaweka chanzo cha mshangao ndani ya anayeshangaa. Ndiyo maana watambaji wa ngano huiweka pale siri inapofichuka. Kumbe yule bibi alikuwa jini. Kumbe yule maskini alikuwa mwana wa mfalme. Ishara zilikuwapo tangu mwanzo, na msikilizaji hucheka kwa kuwa naye alighafilika.

La pili ni hamadi. Hutamkwa mtu anapojikwaa au kitu kinapoponyoka mkononi, na anayelitamka aghalabu ni yule anayeshuhudia. Ni neno la jirani, si la mwathirika. Lakini methali imelipeleka mbali zaidi: hamadi ni iliyo kibindoni, na silaha ni iliyo mkononi. Humo hamadi si ukelele tena. Ni akiba, kile kitakachomfaa mtu siku ya kujikwaa. Ukelele wa kutotarajia umegeuzwa kuwa jina la kujiandaa. Ghafla ilianza na wajibu ikauacha. Hamadi ilianza na mshtuko ikafika kwenye wajibu.

7.0 Shtukiza: maana ya kale yarudi

Katika Kiswahili cha Tanzania cha miongo ya karibuni, kitenzi shtukiza kimepata kazi maalumu katika kirai ziara ya kushtukiza. Kiongozi hufika ofisini, hospitalini au kiwandani bila taarifa. Kirai hiki kilienea sana mwishoni mwa mwaka 2015, baada ya Rais John Magufuli, aliyeapishwa tarehe 5 Novemba, kwenda Wizara ya Fedha siku iliyofuata na Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 9 Novemba.

Muundo wa kitenzi una maana yake. Shtuka ni la anayepatwa. Shtukiza lina mtendaji anayemfanya mwingine ashtuke, naye mtendaji huyo anajua saa, mahali na sababu. Katika ziara ya kushtukiza, kwa hiyo, hakuna kisichotarajiwa kwa aliyeipanga. Ughafla uko upande mmoja tu, wa waliokutwa, na unapima kitu kimoja: walikuwa kazini au walikuwa wameghafilika? Aliyekuwa mezani kwake akihudumia watu hushtuka kidogo tu. Asiyekuwapo ndiye anayeshikwa. Hii ndiyo picha ya mji ulioingiwa wenyeji wakiwa hawana habari, na ya watumishi waliokutwa wamelala. Maana ambayo kielezi ghafla kiliiacha njiani imeokotwa na kitenzi kingine, kwa sababu jamii ilikuwa bado inaihitaji.

Kitenzi kingine kongwe zaidi, fumania, kinafanya kazi ya jirani hiyo katika mambo ya unyumba. Aliyefumaniwa hakushangazwa tu. Amekutwa katika tendo. Mtu hafumaniwi akiswali wala akilima shamba lake. Kiswahili, basi, hakijawahi kukosa maneno ya kuunganisha ughafla na wajibu. Kilichotokea ni kwamba maneno mawili ya jumla zaidi yaliuacha uhusiano huo, na yale mahususi yakaubeba.

8.0 Ghafla katika kamusi na katika ushairi

Mwaka 1939 ulikuwa wa neema kwa taaluma ya Kiswahili. Katika mwaka huo ilitoka kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ikaanza kutoka kamusi kubwa ya Charles Sacleux ya Kiswahili na Kifaransa, na William Hichens akachapisha toleo lake la Al-Inkishafi. Kazi hizi tatu zinaonyesha njia mbili za kulihifadhi neno. Kamusi hulihifadhi kwa kuliorodhesha. Ushairi hulihifadhi kwa kuliishi.

Al-Inkishafi ni utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anauhoji moyo wake uliohadaika na dunia, na anauonyesha magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na wageni, sasa makao ya popo na wadudu. Mada yake, kwa istilahi ya wanazuoni wa Kiislamu, ndiyo ghafla: moyo uliolala huku hesabu ikikaribia. Hichens alikipa kitabu chake jina dogo linalotaja kuamka kwa roho, na hakukosea. Pate haikuanguka ghafla kwa maana ya leo. Ilidhoofika kwa miaka mingi ya vita na kupungua kwa biashara. Ilianguka katika ghafla kwa maana ya kale, machoni pa watu waliokuwa wakiitazama bila kuiona. Msomaji anayeijua maana moja tu ya neno hili ataupoteza utofauti huo, nao ndio moyo wa utenzi.

Katika kamusi za lugha moja zilizofuata, zikiongozwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ghafilika na ghafla hukaa karibu karibu kwa sababu ya alfabeti. Ni majirani wa ukurasa mmoja, lakini aghalabu hawasalimiani. Moja hufafanuliwa kwa kusahau na kupitiwa, jingine kwa kutotarajiwa, na mwanafunzi haonyeshwi kwamba ni ndugu. Kidahizo kimoja chenye rejea ya kwenda na kurudi kingetosha kuwaunganisha. Vivyo hivyo, kidahizo ajali kingefaa kuonyesha kwa mpangilio maana ya muda uliowekwa na maana ya tukio la madhara, ili msomaji wa tenzi na msomaji wa gazeti wote wahudumiwe.

9.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba asili ya neno si maana yake, na kwamba msemaji wa leo hafungwi na Kiarabu cha karne zilizopita. Pingamizi hilo ni sahihi, na makala haya hayapendekezi kurudisha maneno nyuma. Anayetangaza kifo cha ghafla hamlaumu marehemu, na ni vyema isiwe hivyo. Hoja ni nyingine. Uhusiano kati ya ughafla na wajibu haukuchimbuliwa hapa kutoka kaburini; umo vinywani mwa watu wanaosema alighafilika, wanaotishia nitakuja ghafla, wanaokiri kwa kumbe, wanaotunza hamadi kibindoni. Msemaji wa Kiswahili ana zana zote mbili, ya kufariji na ya kuuliza.

Kazi ya mwandishi, mwanahabari, mwanasheria na mtunga kamusi ni kuchagua zana inayofaa. Palipo na msiba uliofika pasipo mkono wa mtu, ajali na ghafla zina haki yake. Palipo na kivuko cha abiria 101 na maiti zaidi ya 220, lugha ina vitenzi: kujaza, kuzidisha, kupuuza, kughafilika. Kila kitenzi humdai mtenda, naye mtenda akishatajwa, swali linalofuata ni la kisheria na la kibinadamu, si la kisarufi tena.

Methali mbili huishi pamoja katika Kiswahili, na mara nyingi husemwa na mtu yuleyule katika wiki moja: ajali haina kinga, na tahadhari kabla ya hatari. Hazipingani mtu akijua kila moja inazungumzia nini. Ya kwanza inahusu siku ya kufa. Ya pili inahusu idadi ya abiria.